Barua ya malalamiko: mpango wa akwariamu ya matumbawe uliochorwa bila kuitazama Lubumbashi

Lubumbashi, tarehe 14 Agosti 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Kampuni

Kuhusu: Kukataa mpango wa akwariamu na kudai kurudishiwa pesa

Bwana Mkurugenzi,

Nimepokea mpango wenu wa akwariamu ya lita 2,000 kwa ajili ya sebule yangu, kartie (mtaa) ya Golf, pamoja na proforma, yaani hati ya bei, ya awamu ya pili. Sitaisaini. Nadai pia mnirudishie pesa nilizolipa kwa kazi ya kupima na kuchora, kwa sababu kwa nionavyo kazi hiyo haikufanyika. Mchoro mlioniletea ulichorewa nyumba nyingine, katika mji fulani wa joto wa pwani, kisha jina langu likabandikwa juu yake.

Tazameni ukurasa wa vifaa. Mmeweka mashine kubwa ya kupoza maji, ghali kuliko kitu kingine chochote isipokuwa vioo. Hita hakuna hata moja. Matumbawe yanataka maji ya digrii 24 hadi 27 mchana na usiku, na sisi tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa hapa unashuka chini ya digrii 10. Kijana wenu mwenyewe alikuja kupima sebule akiwa na koti zito, na hakulivua. Mwezi wa kumi joto lipo, sikatai, na mashine ya kupoza itakuwa na kazi. Lakini mchoraji anayeishi mji huu angesahauje baridi?

Kilichonikasirisha zaidi ni maji. Mmeandika: "Maji ya foraji ya mteja, yachanganywe na chumvi." Foraji ni kisima changu kirefu cha kuchimbwa. Nilipouliza iko wapi mashine ya osmosi, ile inayochuja maji hadi yabaki karibu matupu, nikajibiwa kwenye simu: "Mama, maji hayo si hata watoto wanakunywa?" Wanakunywa, na hawadhuriki. Shirika la Afya Duniani linakubali shaba hadi miligramu 2 katika lita ya maji ya kunywa. Ila dawa ya shaba ambayo wafugaji wa samaki hutumia kuua vimelea vya madoa meupe, Cryptocaryon irritans, hutiwa kwa kipimo cha miligramu 0.15 hadi 0.2 tu kwa lita. Kwa kipimo hicho samaki anapona, lakini kamba, konokono na matumbawe hufa. Kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya kile ambacho mtoto anakunywa salama inatosha kuniulia matumbawe ninayotaka kufuga. Kampuni inayofanya kazi katika mji uliojengwa na shaba, wenye mlima wa mabaki ya kiwanda katikati yake, ingeanza na swali hilo kabla ya kuniuliza napenda kabati la rangi gani.

Mimi ni mkemia, na kupima shaba ndiyo kazi inayonilisha. Maji ya foraji yangu yana miligramu 0.06 kwa lita. Karatasi ya laboratuari naiambatanisha. Mtaniambia ni kidogo. Lakini akwariamu hupoteza maji kila siku kwa mvuke, hasa kiangazi hewa inapokauka, na mvuke hauondoki na chumvi wala shaba. Mpango wenu unajazia pengo hilo kwa maji yale yale ya foraji. Kila ndoo itaongeza shaba juu ya ile iliyokwisha kubaki, na mawe ya chokaa yatainasa na kuitunza. Na kama vile hiyo haitoshi, kwenye orodha ya dawa mmeweka chupa ya dawa ya shaba "ya kutia ndani ya akwariamu samaki wakiugua". Dawa hiyo hutumika kwenye tangi la karantini, mbali kabisa na matumbawe. Tangi la karantini halimo kwenye mpango.

Kuhusu umeme mmeandika mstari mmoja: jenereta, itakayowashwa na sentineli, yaani mlinzi wa usiku. Sentineli wangu ni mtu mwema, ila saa nane za usiku analala kama binadamu wote. Pampu zikisimama, maji yanatulia na oksijeni inaanza kuisha, na katika kimo chetu hewa ni nyepesi: maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko pwani. Betri ya kuendesha angalau pampu moja ya kuzungusha maji ingegharimu kidogo sana ukilinganisha na ile mashine ya kupoza. Hamkuiweka. Halafu kuna tangi la chini, linalopokea maji ya akwariamu ili pampu iyarudishe juu, ambalo mmelichora likiwa limejaa hadi karibu na ukingo. Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka mpaka yafikie tundu la kutokea. Akwariamu yenu ina uso wa mita za mraba 2.7, hivyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 27. Zikishuka sentimita tatu ni lita 81, na tangi la chini limeachiwa nafasi ya lita 40. Zinazobaki zitaingia kwenye zulia langu, tena za chumvi, kila umeme unapokatika.

Uzito nausema kwa kifupi, maana hesabu yake haihitaji mkemia. Lita 2,000 za maji ya chumvi ni zaidi ya tani mbili, vioo vya milimita 19 ni kama kilo 400, bado mawe, mchanga na kabati. Inakaribia tani moja kwa kila mita ya mraba, na sebule yangu iko etaji (ghorofa) ya kwanza. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwenye mchoro wenu, safu ya uzito ina vioo peke yake.

Orodha ya viumbe sijui niiseme vipi. Yumo Chaetodon trifascialis, samaki mzuri wa kutazama, ambaye chakula chake ni matumbawe yenyewe. Ningenunua matumbawe kwa bei ya dhahabu ili kumlisha yeye. Na hayo matumbawe mmeahidi kuyatoa Dar es Salaam "kwa njia ya barabara", bila neno juu ya vibali. Matumbawe yote magumu yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, na Kongo na Tanzania zote ni wanachama. Bila kibali cha nchi yanakotoka, mzigo utakamatwa mpakani Kasumbalesa, na ukisubiri hapo juani hautahitaji hata kukamatwa ili ufe. Nilikuwa nimeomba tangu mwanzo vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, vyenye karatasi zake. Ombi hilo silioni popote.

Nilipoyasema haya kwa kijana wenu, alinipa suluhisho: tuweke samaki wa Tanganyika, wa kutoka Moba. Nawapenda samaki hao, na kama mngenishauri hivyo siku ya kwanza, huenda ningekubali kwa furaha. Lakini ziwa lile ni la maji yasiyo ya chumvi. Akwariamu ya samaki wake haihitaji chumvi, wala mashine ya kutoa povu, wala taa za matumbawe, na bado bei aliyonitajia ilikuwa ile ile ya proforma, hadi dola ya mwisho.

Nadai, kabla ya mwezi huu kwisha, mnirudishie pesa zote za awamu ya kwanza, kwa njia ile ile niliyozilipia. Vioo msivikate kwa jina langu. Kama mnapendelea kuchora upya, nitapokea mpango mpya bila malipo ya ziada, uliosainiwa na mhandisi wa ujenzi aliyeikagua sakafu kwa macho yake, wenye osmosi, hita, betri na tangi la karantini ndani ya bei. Nikikosa jibu la maandishi, faili nitaikabidhi kwa avoka (wakili) wangu. Simu za kijana wenu sitazipokea tena. Asichukie, yeye ametumwa tu.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, salamu zangu za heshima.

Mteja wenu wa kartie ya Golf

Viambatanisho: nakala ya risiti ya awamu ya kwanza, matokeo ya laboratuari ya maji ya foraji, mchoro wenu, na hesabu zangu pembeni kwa kalamu nyekundu.