Wifi, wakisema huenda wakafungua, kubali

Wifi yangu,

Juzi usiku ulikata simu ukiwa umeniachia maneno haya: "Matundu sawa, lakini wakitaja kufungua, nashuka kitandani narudi zangu Kigamboni." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Naandika hapa wazi, bila kukutaja jina, kwa sababu wenye vijiwe vya nyongo na hofu kama yako ni wengi Dar, na kwa sababu mimi, siku ya kutolewa mfuko wa nyongo, niliingia kwa upasuaji wa matundu madogo nikatoka na mshono wa kufunguliwa tumbo.

Unaikumbuka miezi ile minane niliyomeza dawa za vidonda vya tumbo? Kila nikila vitumbua au supu yenye mafuta, maumivu yalinishika chini ya mbavu za kulia, yakapenya hadi mgongoni, nikatapika, alfajiri yakatulia. Pale duka la dawa waliniambia ni vidonda, nami nikaridhika na vidonda. Utrasaundi ndiyo iliyoonyesha vijiwe. Hata hapo nikaomba muda: mara ada za watoto, mara msiba, mpaka homa ikanikimbiza hospitali usiku wa manane.

Hayo ndiyo yaliyoniletea mshono, wifi. Sikia ilivyokuwa.

Kwa njia ya matundu wanatoboa sehemu ndogo, mara nyingi nne, moja ikiwa kitovuni. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili lipae, wapate nafasi, na kamera inarusha picha kwenye skrini. Mfuko wa nyongo umeshikiliwa na vitu viwili vya kukatwa: kimrija kidogo kinachouunganisha na mrija mkuu unaoteremsha nyongo kutoka kwenye ini, na mshipa wa damu unaoulisha. Hatari inayoogopwa zaidi iko papo hapo. Mfuko uliovimba kwa muda mrefu unagandamana na ini na utumbo, kila kitu kinafanana, na daktari anaweza kuukata mrija mkuu akidhani ni ule mdogo. Hapo nyongo inavujia tumboni, na huenda ukahitajika upasuaji mwingine mkubwa wa kuunganisha mrija na utumbo. Ni nadra. Kwa matundu hutajwa watu kama 3 hadi 5 katika kila 1,000, kwa kufungua 1 au 2. Lakini kwa anayepatwa si nadra hata kidogo, ndiyo maana daktari mwangalifu hakati kitu mpaka aone vile viwili, na viwili tu, vikiingia kwenye mfuko. Asipoviona, huenda akafungua.

Wangu hakuviona.

Niliamka na bandeji ya shibiri nzima chini ya mbavu, na mpira ukitoka ubavuni kutoa majimaji. Nikalia. Nilijua wameniharibu. Fomu nilikuwa nimesaini bila kuisoma, na pale hospitali hakuna aliyenikalisha chini kunieleza kwamba kufungua kulikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo. Hilo linaniuma kuliko kovu. Kaka yako aligombana na manesi wodini bure, kumbe yule daktari alikuwa ameniepusha na balaa.

Halafu fikiria: mtu wa kwanza kutolewa mfuko wa nyongo alipasuliwa na Carl Langenbuch kule Berlin mwaka 1882. Matundu yalianza na Erich Mühe, naye Mjerumani, mwaka 1985. Miaka mia moja na zaidi watu wote walifunguliwa, na wengi wakapona, wakarudi makazini.

Sitakudanganya kwamba ni sawasawa. Wa matundu wengi hurudi nyumbani kesho yake, na wiki moja au mbili wako kazini. Mimi nililala siku tano. Kukohoa nilikumbatia mto tumboni, na walinisisitiza nivute pumzi ndefu hata kama inauma, maana anayepumua juu juu anaweza kuugua mapafu. Ndoo ya maji sikuinyanyua wiki sita, kuogopa ngiri. Wewe ukifanyiwa ya matundu, bega likikuuma siku ya kwanza au ya pili usidhani ni moyo: mara nyingi ni ile gesi. Na choo kinaweza kulainika kwa muda, kwa sababu ini linaendelea kutengeneza nyongo, ila sasa inatiririka moja kwa moja bila ghala.

Lakini homa, macho kuwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo kujaa na maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hayo usiyasubirishe hata saa moja. Huenda nyongo inavuja, au kijiwe kimebaki kwenye mrija mkuu. Kijiwe cha namna hiyo mara nyingi hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, bila kupasua tena.

Ile video uliyonitumia ya mafuta ya zeituni na limao, tafadhali achana nayo. Yale madonge ya kijani wanayoyaonyesha ni mafuta na limao vilivyogandana humo humo tumboni. Vijiwe visivyouma madaktari mara nyingi huviacha, ni kweli. Vyako vimekuamsha mara tatu mwezi huu.

Alhamisi muulize daktari: akishindwa kuona vizuri, atafanya nini? Akikujibu kwamba atafungua, huyo mwamini, usaini.

Nitakuwa Kivukoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande wa kushukia pantoni. Usinywe hata chai. Khanga mbili ninazo, na ule mto wangu nimeufua.

Wifi yako