Safu za takwimu za mvua zisifutwe kwa kipanya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaochambua takwimu za mvua, hasa wanafunzi wanaoandika tasnifu, waache kufuta safu mojamoja kwa kipanya. Yako mafaili ya vituo vya hali ya hewa yanayopishanisha namba: mwaka, kisha mvua ya Januari, kisha namba ya ubora wa kipimo hicho, kisha Februari na namba yake, hivyo hivyo hadi Desemba, jumla safu 25. Mwanafunzi mmoja niliyemsaidia alifuta safu ya mvua ya Aprili badala ya namba ya ubora inayoifuata, na kwa wiki mbili akawa anatafuta sababu ya ukame katikati ya masika, kwa kuwa kila Aprili ilionekana kupata milimita 1, kumbe hiyo 1 ni namba ya ubora.

Kazi hiyo ya kuondoa namba za ubora ni ya amri moja tu ya awk, programu iliyobuniwa mwaka 1977 katika maabara za Bell nchini Marekani:

awk '{printf "%s", $1; for (i=2; i<=NF; i+=2) printf " %s", $i; print ""}' mvua.txt

Amri hii huchapa mwaka, kisha huanzia safu ya pili na kuruka mbili mbili hadi mwisho wa mstari, iwe faili lina miaka 10 au 90, na faili la asili hubaki kama lilivyokuwa. Programu ya cut nayo huchagua safu, lakini ukiiambia itenganishe kwa nafasi tupu, kila nafasi huihesabu kuwa mpaka, ilhali awk huzichukua nafasi zinazofuatana kuwa mpaka mmoja.

Hata hivyo, karani akiacha namba moja ya ubora bila kuijaza, safu zote zinazofuata husogea, za shufwa zikawa za witiri, na namba za ubora zikakaa mahali pa mvua. Kwa hiyo kabla ya kuchuja, itangulie amri hii, inayoonyesha kila mstari usio na safu 25:

awk 'NF != 25' mvua.txt

Mstari ukijitokeza, turudi kwenye daftari la kituo, tusikisie.

Nawaomba pia wahadhiri wadai amri hizi ziambatishwe kwenye tasnifu, ili msahihishaji aziendeshe mwenyewe juu ya faili la asili na kuona kama atapata namba zile zile.

Mwalimu wa takwimu,
Morogoro