Barua ya wazi kwa wanangu mnaojiandaa na GMAT, mtihani wa kuingia shule za biashara: swali la asampsheni halipigiwi kura

Wanangu, salaam. Naandika nikiwa nimeudhika na sioni sababu ya kuficha.

Nimekuwa nikisoma mnayoandikiana kwenye grupu la masomo, kimya kimya, kwa sababu nilitaka mzoee kusaidiana wenyewe kabla mtu mzima hajaingilia. Juzi mwenzenu katuma skrinishoti ya swali la asampsheni, yaani lile linalouliza hoja inategemea dhana gani ambayo haikusemwa, akauliza, "wakuu hapa jibu gani?" Kabla dakika haijaisha majibu yakaanza kumiminika: D. D kabisa. C nadhani. E. D bila ubishi. Mmoja akahesabu, akasema wengi wamesema D basi ni D, tuendelee. Na mkaendelea kweli! Hakuna hata mmoja aliyeandika hitimisho la ile hoja ni lipi. Hakuna aliyeuliza ushahidi ni upi. Watu wazima wenye digrii zenu mnapiga kura kwenye swali la mantiki, na D yenyewe siyo.

Ngoja niliweke hapa lile swali, kwa maneno yangu, tulitazame taratibu.

Kampuni moja ya usafirishaji ilianza mwaka jana kuwapa madereva wake mafunzo ya usalama. Mwaka huu ajali za magari yake zimepungua kwa asilimia 30. Kwa hiyo mafunzo hayo ndiyo yaliyopunguza ajali. Swali: hoja hii inategemea dhana gani?

A. Madereva waliyafurahia mafunzo.
B. Mafunzo ya usalama ndiyo njia bora kuliko zote za kupunguza ajali.
C. Upungufu wa ajali hautokani na upungufu wa safari za magari ya kampuni pekee.
D. Kampuni nyingine zilizotoa mafunzo ya aina hiyo nazo zimeona ajali zikipungua.
E. Madereva wote wa kampuni walihudhuria mafunzo.

Sasa tulia. Kabla ya kugusa A mpaka E, huyu mtu anataka tuamini nini? Kwamba mafunzo yamepunguza ajali. Ametupa nini? Vitu viwili tu: mafunzo yalianza, halafu ajali zikapungua. Basi. Kutoka "kilifuata" amerukia "kilisababishwa", na pale aliporuka ndipo dhana ilipojificha. Ukiliona hilo pengo kwa macho yako mwenyewe, kabla hujasoma majibu, kazi yote iliyobaki ni nyepesi. Usipoliona, majibu matano yatakuchezea, maana yameandikwa na watu wanaojua kabisa jinsi msomaji mwenye haraka anavyofikiri.

Huyu mwandishi anahitaji kisiwepo kitu kingine ambacho peke yake kimepunguza ajali. Safari zimepungua? Njia za hatari zimeachwa? Magari mabovu yameuzwa? Au utaratibu wa kuandika ajali umebadilika, kiasi kwamba vigongano vidogo siku hizi haviripotiwi? Kila kimoja hapo kingeweza kuwa jibu sahihi la swali kama hili, na waliotunga wamechagua cha safari. C.

Mbona wengi mkaenda D? Kwa sababu D inapendeza. Ni kweli inaipa hoja nguvu, nakubali kabisa, na kama swali lingeuliza kipi kinaiimarisha hoja ningewapa pongezi. Lakini halikuuliza hivyo! Limeuliza hoja *inategemea* nini. Dhana ni nguzo, ukiitoa paa linashuka, na D ni rangi ya ukutani, ukiifuta nyumba bado imesimama. Chukulia kampuni nyingine zilitoa mafunzo na hazikuona tofauti yoyote, labda mafunzo yao yalikuwa ya hovyo, labda madereva wao ni wa aina nyingine. Je, hilo linathibitisha kwamba kwa kampuni hii mafunzo hayakusaidia? Hapana. Linatia shaka kidogo, lakini hoja bado inaweza kuwa sahihi. Basi D haikuwa ya lazima.

Hili nalirudia kwa sababu ndiyo ugonjwa wenu mkubwa na nimeuona kwa kila kundi linalopita: mnachagua jibu linalomsaidia mwandishi badala ya jibu ambalo mwandishi hawezi kuishi bila hilo. Na jibu sahihi mara nyingi ni dogo, la kinyonge, halina mbwembwe, unalisoma unasema "aah, hili nalo si linajulikana tu", unalipita. Hebu jiulizeni kwa nini mwandishi hakulisema. Hakulisema kwa sababu kwake yeye lilikuwa linajulikana tu. Ndiyo maana ya dhana.

Wale wa LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria, mnaosoma humu, kwenu kuna aina mbili, lile linaloomba dhana ambayo hoja inaihitaji na lile linaloomba dhana ambayo ikikubaliwa hitimisho linakamilika, na hayo mawili yana tabia tofauti kabisa, msiyachanganye. GMAT inataka ile ya kwanza. Mtu anasoma mbinu ya LSAT kwenye video, anaileta GMAT, anatafuta jibu zito linalofunga kila kitu, anaangukia B. "Njia bora kuliko zote", jamani, nani kaomba ubora kuliko zote? Mwandishi kasema mafunzo yamesaidia hapa, mara hii, kwenye kampuni hii. Hakuyashindanisha na chochote.

Sasa nije kwenye kukanusha, maana hapa ndipo hasira yangu ilipopanda zaidi.

Mmefundishwa kwamba ukitaka kujua kama jibu ni dhana, likanushe, halafu uone kama hoja inaanguka. Ni kipimo kizuri na mimi nakitumia. Ila mnakitumia kama uganga, mnatamka maneno mkisubiri kitu kitokee. Kijana mmoja aliandika maelezo, nikafurahi nikasema angalau huyu kaeleza, kumbe ndiyo kwanza anaharibu: alichukua E, "madereva wote walihudhuria", akaikanusha kuwa "hakuna dereva aliyehudhuria", akasema mnaona, hoja imeanguka, basi E. Mwanangu, kinyume cha "wote walihudhuria" ni "si wote walihudhuria". Inatosha mmoja tu akose. Mmoja akikosa, wengine wakahudhuria, ajali zinaweza kupungua vizuri kabisa kwa sababu ya mafunzo. Hoja haijatikisika. Wewe umeiangusha kwa mkono wako halafu unasema imeanguka yenyewe.

Shikeni hili vizuri. "Wote" ikikanushwa ni "si wote". "Baadhi" ikikanushwa ndiyo inakuwa "hakuna hata mmoja". "Zaidi ya nusu" inakuwa "nusu au pungufu". "Lazima" inakuwa "si lazima", wala haiwi "haiwezekani". Kukanusha ni kusema sentensi si kweli, basi, husogei hatua moja zaidi. Sasa fanya hivyo kwa C: upungufu wa ajali *unatokana* na upungufu wa safari pekee. Hapo mafunzo yamebaki na kazi gani? Hamna. Hoja imekwisha, na imekwisha bila wewe kuongeza neno lako hata moja.

Halafu msikanushe majibu yote matano. Muda hautoshi. Verbal ya sasa, ile sehemu ya GMAT yenye maswali ya kusoma na ya hoja, ina maswali 23 ndani ya dakika 45, hata dakika mbili kamili kwa swali hupati, na humo humo kuna vifungu virefu vya kusoma. Kipimo cha kukanusha kiwe cha mwisho, ukibaki na mawili yanayobishana. A unaiondoa kwa jicho tu, kufurahia kwa madereva hakuna aliyekuzungumzia. Mkiniambia hamna muda wa kutafuta hitimisho kwanza nawajibu kwamba muda wenu unaliwa na kusoma majibu mara tatu tatu bila kujua mnatafuta nini.

Mengine ntayasema kwa ufupi, mkiyashika hayo ya juu haya yatakuja.

Hitimisho likileta neno jipya ambalo ushahidi haukulitaja, dhana iko pale katikati. Tovuti mpya inafunguka haraka zaidi, kwa hiyo wateja wataridhika zaidi: nani kasema kasi ndiyo inayowaridhisha? Mtu akitoa asilimia halafu akahitimisha kwa idadi, angalieni jumla kama imebaki ile ile. Mtu akipendekeza mpango, mfano kupandisha ada ya maegesho ili foleni ipungue, anadhania kwamba wapo madereva watakaobadilisha tabia kwa sababu ya hiyo ada. Jibu linalorudia ushahidi kwa maneno mengine si dhana, maana lilishasemwa. Na msiogope jibu lenye neno la kukanusha ndani yake, mengi ya yale yanayoziba njia nyingine yameandikwa hivyo.

Kuna wengine bado mnakariri kanuni za kusahihisha sentensi kutoka vitabu vya zamani. Toleo jipya la GMAT lilipoanza mwishoni mwa 2023 maswali yale yaliondolewa, Verbal imebaki ufahamu na hoja peke yake. Wiki nzima mnaiteketeza kwenye kitu ambacho hakipo!

Lakini siwezi kuwalaumu ninyi peke yenu, na hapa nataka wazazi na walimu wenzangu nao wasikie. Huyu kijana anayesubiri kuambiwa herufi hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtoto aliyeuliza kwa nini, kwa nini, kwa nini, mpaka akaambiwa anyamaze. Darasani alipewa alama kwa kurudisha maneno ya mwalimu kama yalivyo. Aliyesimama akauliza "umejuaje?" akaitwa mjuaji, hana adabu. Miaka ishirini tunamfundisha kumeza, halafu siku anataka kwenda shule ya biashara tunamshangaa hawezi kuona ufa kwenye hoja ya mistari mitatu. Na maofisini ni hivyo hivyo: mtu analeta ripoti, tulitangaza mwezi wa tatu, mauzo yakapanda mwezi wa nne, tuongeze bajeti ya matangazo. Chumba kizima kinaitikia. Hakuna anayeuliza kama mauzo hupanda kila mwezi wa nne. Aliyeuliza anaonekana anampinga bosi. Maamuzi ya pesa nyingi yanapita hivyo, na watu wanapoteza kazi baadaye kwa dhana ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja. Shule za biashara zinapowapima kwa maswali haya zinajua zinatafuta nini.

Na hawa wauzaji wa "mbinu za siri" nao wanawala. Wanawaambia jibu lenye neno fulani huwa ni sahihi, refu huwa ni sahihi, msisome hoja yote. Mtihani wenyewe unabadilisha ugumu kukufuata unavyojibu, ukibahatisha mepesi kwa ujanja yanayofuata yatakuumbua.

Najua mmechoka. Najua wapo wanaosoma usiku baada ya kazi, na wapo waliolipa ada ya mtihani kwa pesa ya kujinyima, na yupo binti humu aliyeandika kwamba amefanya maswali mia tano na alama hazisogei. Mwanangu, punguza. Chukua kumi. Kwa kila moja andika kwa mkono wako: hitimisho hili hapa, ushahidi huu hapa, ameruka kutoka wapi kwenda wapi. Kisha fungua majibu. Ukikosa, usisome maelezo kwanza, rudi uandike kwa nini lile ulilochagua hoja inaweza kuishi bila hilo. Swali moja likikuchukua nusu saa, sawa, kasi utaipata ukishajua unachokitafuta.

Chumbani kwa mtihani mnaruhusiwa kurudi kubadilisha majibu mpaka 3 kwa kila sehemu kama muda umebaki. Mtie alama yale mliyobaki na mawili, msitie kila swali. Msiache swali bila kujibu.

Na aliyefanya akapata chini ya alichotaka, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, mpaka mara 5 ndani ya miezi 12. Usikimbilie kulipia tarehe ya karibu. Kaa kwanza na maswali yote ya dhana uliyokosa, tenga yale uliyochagua jibu la kuimarisha, tenga yale uliyokanusha vibaya, uone lipi ni rundo kubwa, na uanze na hilo.