Brian, shika simu

Brian mwanangu,

Tangu Jumapili nakupigia hushiki, mama yako naye meseji zake unazisoma tu unanyamaza. Ile video ya mechi yenu ya football ya Kimarekani binamu yako alitutumia, kwa hivyo usidhani hatujui. Tumeona ukiudaka mpira pale nyuma ukakuponyoka wapinzani wakaurukia, na yale maneno watu wanakuandikia nimeyasoma yote, usingizi ukapotea. Dada yako anasema umemwambia "mimi ndio nimewapotezea". Hapo sikubaliani na wewe kabisa.

Imebidi nisome historia ya huo mchezo wenu. Tarehe 30 Novemba 1905, Chuo cha Chicago cha kocha Stagg na Chuo cha Michigan cha kocha Yost, wote msimu mzima hawajapoteza mechi, anayeshinda ndiye bingwa. Michigan hawakuwa wamepoteza mechi tangu 1901, na msimu huo peke yake walikuwa na pointi 495 na hakuna aliyewafunga hata moja! Watu kama 27,000 uwanjani. Ikaisha 2-0, Chicago wakachukua ubingwa. Na hizo mbili zilitoka hivi, Eckersall wa Chicago alipiga mpira mrefu kwa mguu, Denny Clark wa Michigan akaudaka nyuma ya mstari wao wenyewe, na badala ya kutulia nao hapo yaishe akaamua kukimbia nao, wakamkumba wakamrudisha huko huko nyuma, na ukiangushwa na mpira nyuma ya mstari wenu wapinzani wanapata pointi mbili. Lawama zote zikamwangukia yeye. 1932 akajitoa uhai. Sisemi ni mechi ilimuua, mtu huwa na mengi ndani, lakini hilo jambo moja alitembea nalo miaka yote hiyo Brian, na ndio maana nakupigia usiku.

Sasa niambie, wale wenzake walifunga ngapi siku ile? Sifuri. Timu ya pointi 495 imekosa hata moja halafu abebeshwe mtu mmoja? Na nyinyi mlikuwa na mechi nzima ya kufunga, hao wengine walikuwa wapi?

Shika simu.

Najua ulivyofika hapo. Kijana wa raga wa Nakuru, hakuna aliyekuita, ukaenda mazoezi mwenyewe mpaka ukapewa jezi, pale kanisani wamechoka kunisikia. Lakini hii tabia ya kujifungia ukiumia siipendi, najua imetoka wapi, babu yako alikuwa hivyo na mimi sikukuonyesha nyingine. Mwendee kocha kabla hajakuita. Chuo kina mtu wa kuongea na wanafunzi, nenda, si aibu. Na ule chakula cha maana.

Mama yako yeye hofu yake ni uumie kichwa, nilifanya kosa kumwambia enzi hizo vijana walikuwa wanafia uwanjani hata Rais Roosevelt wa Marekani akawaita wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton Ikulu. Mwambie kofia yako ni nzuri.

Pesa ya mabati ilifika, fundi anangoja mvua ipungue. Ng'ombe amezaa ndama jike. Fee ya dada yako imebaki kidogo, hiyo usiiwaze, niachie mimi.

Kesho saa mbili usiku ya huku, kwenu itakuwa saa tano asubuhi, nitapiga tena. Stima ikipotea nitachaji kwa jirani. Shika hata kama hutaki kuongea, mimi nitaongea.

Baba yako