Mfuko wa jamii usingoje msiba: barua kwa vikundi vya hisa, Tabora

Wanangu, salaam.

Niliuguza wodi ya watoto mpaka nikastaafu, na leo ni mwanahisa kama ninyi. Katiba za vikundi vingi zinatoa mfuko wa jamii, ile michango yetu ya kusaidiana, kwa msiba na kwa mwanachama aliyelazwa. Naomba tuongeze nauli ya mtoto mwenye homa, itolewe siku ileile.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa watoto 8 hivi katika kila 100 wa chini ya miaka 5. Tabora walikuwa 23. Na kwetu inapanda na mvua, wakati jembe haliwekwi chini na akiba ya ndani imekwisha. Mama anampa mtoto Panadol, anasema tuone kesho. Simlaumu. Hela hana, na zahanati iko mbali.

Lakini tupige hesabu. Akiwahishwa, kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika 20 hivi, kisha dawa mseto siku 3, asubuhi na jioni. Zahanati ya serikali haipaswi kumtoza mtoto wa umri huo. Familia inatoa nauli ya bodaboda na nusu siku ya kazi.

Akichelewa mpaka degedege, au viganja vikapauka kwa kuishiwa damu, anapewa rufaa. (Degedege si la kufukiziwa moshi, wanangu. Mkimbizeni hospitali.) Huko atachomwa artesunate, sindano ya malaria kali, akifika, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24, na ndugu wanatafutwa wachangie damu. Mama anayeuguza anakula kwa kununua, baba ni njiani kila siku, palizi imesimama, wadogo wamebaki kwa jirani. Nimeona mahindi yakiuzwa yangali shambani, kwa bei ya kutupa, ili safari hizo zilipwe. Kisha mkopo wa kikundi haurudi, na siku ya mgao tunaumia wote.

Wodini nako, chupa ile ya damu ndiyo ingemfaa mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua. Usiku wa msimu wa mvua watoto wanalala wawili kitanda kimoja, na muuguzi wa zamu hajui aanze na yupi.

Kwa hiyo tengeni nauli ya kwenda na kurudi zahanati. Ishikwe na mwanachama anayefikika kwa urahisi, ambaye simu yake haizimwi usiku. Atoe kwanza, kikao kiarifiwe baadaye. Isiwe mkopo wala isidaiwe riba, na mama asiulizwe kwa nini mumewe hana hela. Mwenye mtoto mchanga akumbushwe pia chandarua chake cha kliniki.

Mimi nalipeleka ombi hili kikundini kwetu kikao kijacho. Nanyi lipelekeni kwenu kabla mvua hazijashika.

Mama yenu, mwanahisa mwenzenu