Nyundo ya kuchanjia vibanzi: barua kwa mwanangu aliye Molo

Mwanangu,

Sisi hatujambo, mvua imeanza, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Picha ya zile nyundo tatu uliyopiga dukani, ukiuliza ipi itakufaa kuchanjia vibanzi vya kuwashia moto, niliiona. Nilianza kukujibu kwa simu, nikachoka kubonyeza kabla sijafika kwenye nyundo ya pili, ndiyo maana naandika. Barua hii itakuja na kifurushi.

Usinunue kwanza. Hujaniambia utagonga nini. Nyundo huchaguliwa kwa kuangalia kile inachokwenda kupiga: kisogo cha shoka, ule upande wa nyuma usio na makali, kina nyundo yake, kabari ya chuma ya kupasulia magogo ina yake, na mgongo wa panga nao una yake. Mwenye duka hakukuuliza, na simlaumu. Yeye anauza vyuma.

Ile ya kushoto, yenye kucha za kung'olea misumari, mwachie seremala. Uso wake umekomazwa ili upige msumari, na msumari ni chuma laini. Kisogo cha shoka si laini hivyo, wala kichwa cha kabari. Ukikutanisha vyuma viwili vigumu kwa nguvu, kimoja humeguka. Kipande kinachoruka huwa kidogo, hukioni kikija, na kinapenya ngozi. Kikipata jicho, hilo si jambo la kuosha na maji ya bomba. Tena nyundo ile ina uzito wa nusu kilo hivi. Utagonga kutwa.

Ile ndefu ya kulia, ya kilo nne, ni ya wale vijana wanaopasua mawe huku kwetu Maragoli. Inataka mikono miwili, na wewe mkono wako wa pili una kazi nyingine.

Kazi yenyewe najua umeniona nikiifanya tangu hujaanza shule, lakini kuona si kufanya, na wewe ulikuwa mtu wa kukimbilia mpira. Tafuta gogo pana, limekatwa sawa, lifike chini kidogo ya goti, uliweke mahali pasipoyumba. Kipande cha kuni ukisimamishe juu yake. Usiinue shoka. Weka makali yake juu ya kipande, karibu na ukingo wala si katikati, yafuate nyuzi za mti. Mkono wa kushoto ushike mpini wa shoka, wa kulia ugonge kisogo. Ukigonga mara ya kwanza makali yanauma, mara ya pili au ya tatu kipande kinaachia. Umeona faida yake? Mikono yote miwili iko mbali na makali, na hakuna kidole kinachoshikilia kuni. Wanaojikata vidole ni wale wanaoshika kijiti kwa mkono huu na kurusha shoka kwa mkono ule, halafu wanasema shoka ni kali. Vile vijiti vyembamba kabisa havihitaji hata nyundo: bandika makali kwenye kijiti, vinyanyue vyote viwili pamoja kidogo tu, uvigonge juu ya gogo.

Sasa ya kugongea hicho kisogo. Hapa ndipo sitakubaliana na duka lolote: nyundo bora ya kuchanja vibanzi haiuzwi, ni rungu la mti. Kisogo cha shoka la kawaida hakikutengenezwa kupigwa kwa chuma. Tundu la mpini liko pale pale, na kuta zake ni nyembamba. Ukiligonga kila siku kwa nyundo ya chuma, tundu linapanuka na kupinda, kichwa kinaanza kucheza, na siku moja kitatoka kirukie asikojua mtu. Panga ndiyo usiseme: mgongo wake ni mwembamba, nyundo ya chuma itautia mapengo na kulipinda. Rungu linakubali kuumia lenyewe. Litaliwa pole pole na shoka, na likishachakaa unalitia jikoni, unachonga jingine.

Mimi hupenda mpera. Ni mti mgumu, hauchaniki upesi, na kila boma hapa lina mmoja uliojiotea. Tawi liwe na urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha za vidole au zaidi kidogo. Kichwa kibaki kinene na magome yake, sehemu ya kushika ichongwe hadi kiganja kifunge vizuri. Likaushwe kivulini. Juani linapasuka kabla halijafanya kazi.

Ile nyundo ya katikati, fupi na nene, ni ya waashi, ya kugongea tindo. Hiyo nitakuruhusu, kwa sharti kwamba umenunua na kabari. Imetengenezwa kupiga chuma kingine. Magogo makubwa huwezi kuyachanja kwa rungu, utaumia bure. Hayo ni ya kabari na nyundo ya chuma, na ukishayapasua vipande vinne au vitano ndipo rungu linachukua zamu. Nyundo hizo huwa za kilo moja hadi mbili. Kwa mkono wako chukua ya kilo moja na nusu. Shika mwisho wa mpini, nyosha mkono mbele, utulie. Kifundo cha mkono kikianza kulegea, nyundo hiyo ni nzito kwako, hata kama muuzaji anakwambia wewe ni mwanamume.

Halafu igeuze, uitazame usoni. Uso wa nyundo uwe mpana kuliko kichwa cha kabari, na kingo zake ziwe zimepunguzwa kidogo, zisiwe kali. Yenye pengo ukingoni irudishe hata kama umepunguziwa bei. Kabari nayo, ikipigwa muda mrefu, kichwa chake huchanua kama uyoga. Zile kingo zilizojikunja ndizo hurukia watu. Mpelekee fundi wa kuchomelea azisage, ni kazi ya dakika chache. Ukiwa kwake, muulize wapi anapata miwani ya kinga, ile isiyo na giza. Uivae kila unapogonga chuma kwa chuma. Kwa rungu sikulazimishi, ingawa ningefurahi.

Mpini uwe wa mti, na nyuzi zake ziende kwa urefu, kutoka kichwani hadi mwisho. Zikikata kwa mshazari utavunjika hapo hapo. Jua kali wa Kibuye, Kisumu, watakuuzia yenye mpini wa bomba la maji. Nawaheshimu wale mafundi, jembe langu ni kazi yao, lakini bomba linapeleka mshtuko wote kwenye kiwiko, na mkono ukilowa jasho linateleza. Kichwa kikilegea usikitumbukize kwenye ndoo ya maji kama wafanyavyo majirani. Mti unavimba leo, ukikauka unasinyaa kuliko mwanzo. Pigilia upya kabari ndogo kwenye ncha ya mpini, ndani ya tundu.

Kuhusu kuni zenyewe, huko mna bahati kuliko sisi. Molo na Elburgon ni nchi ya mbao, na mabanzi ya saiprasi na paini yanashika moto upesi, nyuzi zake zimenyooka. Marufuku ya kukata miti ya misitu ya serikali ilipowekwa mwaka 2018, wengi walirudia mikaratusi ya mashambani, na hata baada ya Rais kutangaza hapo hapo Molo, Julai 2023, kwamba imeondolewa, bado utauziwa mikaratusi. Si vibaya, ila ichanje ikiwa mbichi. Ikikauka nzima inageuka jiwe, na utailaumu nyundo. Kipande chenye kifundo usipoteze muda nacho, kiweke kando kiwe cha kukokea usiku. Jiko lako lile la udongo halipendi kuni nene hata kidogo; linataka vipande vyembamba vikavu, lisipovipata linakulipa moshi. Na kwa baridi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hutaki kupuliza moto saa kumi na moja asubuhi.

Rungu limo kwenye gunia, pamoja na unga wa mtama na njugu mawe za shangazi yako. Nimeliandika jina lako kwa kalamu nyekundu, kwa sababu makanga wa safari iliyopita alifikiri ni la kwake. Matatu inaondoka Mbale Jumamosi asubuhi na utapokelea Nakuru. Nauli ya mzigo nimelipa, usikubali kulipa tena. Gunia nalihitaji, lirudishe na gari hilo hilo.

Mama yako