Dakika 15 za basi ndizo nyumba zenyewe

Mhariri,

Nyumba zinapojadiliwa katika miji ya Canada, macho yote huelekea kwenye treni na maghorofa yanayoota kuzunguka vituo vyake. Sikatai treni. Lakini reli ya Eglinton ya Toronto, kilomita 19, ilianza kujengwa mwaka 2011, na zaidi ya miaka 13 ikapita bila abiria kuipanda. Nyumba zinazoweza kuanza mwaka huu ziko kando ya njia za mabasi, na huko ndiko tunakolegea.

Sheria ya British Columbia ya mwishoni mwa 2023 imeliweka jambo hili kwenye vipimo. Katika miji mingi ya jimbo hilo, kiwanja cha nyumba ya familia moja kinachozidi mita za mraba 280 sasa kinaruhusiwa nyumba nne. Kikiwa ndani ya mita 400 kutoka kituo cha basi la mara kwa mara, zinakuwa sita, na halmashauri haiwezi kumlazimisha mjenzi kuweka maegesho. "Mara kwa mara" nayo imepimwa: kwa wastani basi moja kila dakika 15, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni siku za kazi, na saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni Jumamosi na Jumapili.

Kwa hiyo ratiba ya basi imekuwa sehemu ya ramani ya ujenzi. Anayepunguza bajeti ya mabasi alijue hilo. Njia ikishushwa kutoka dakika 15 hadi 30, familia sita zilizojengewa bila maegesho hazihami. Zitanunua magari na kuyapanga barabarani.

Suala la maegesho tulipime kwa futi kamba. Chukua kiwanja chenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 37, chenye uchochoro nyuma. Gari moja linataka takriban mita 2.5 kwa 5.5. Ukiacha kijia na mahali pa mapipa ya taka, uchochoroni yanaingia matatu. Ukidai gari moja kwa kila nyumba, ama nyumba zibaki tatu, ama uchimbe chini. Na kushuka mita 3 kwa mteremko wa asilimia 15 kunakula mita 20, zaidi ya nusu ya urefu wa kiwanja, kabla hujaegesha hata gari moja. Edmonton ilifuta maegesho ya lazima mji mzima mwaka 2020, na ilifanya vema.

Sasa basi lenyewe. Njia ambayo mzunguko wake ni dakika 60, yaani kwenda, kurudi na mapumziko ya dereva, inahitaji mabasi 4 ili lipite moja kila dakika 15. Foleni ikiurefusha mzunguko hadi dakika 75, unahitaji mabasi 5 kwa huduma ile ile. Basi la tano likikosekana, abiria anasubiri karibu dakika 19 kati ya basi na basi, na kipimo cha sheria kimevunjika bila mtu yeyote kupiga kura ya kukivunja. Ndiyo maana nasema njia maalumu ya mabasi, yaani sehemu ya barabara isiyoingiwa na magari mengine, ni suala la nyumba.

Wala si lazima njia hiyo iwe ndefu. Muda mwingi hupotea kwenye makutano machache. Pima kwanza, kisha toa mita 150 au 200 za njia ya basi kabla ya taa inayoumiza zaidi. Hamisha kituo kutoka kabla ya taa hadi baada yake. Kikiwa kabla, basi hupakia watu huku kijani ikiteketea, halafu nyekundu inalikamata. Hata taa zilizotegwa kurefusha kijani kwa ajili ya basi hazisaidii hapo. Taa ni jambo la kuheshimu: reli ya Finch West mjini Toronto, ya treni nyepesi ipitayo barabarani, iliyofunguliwa Desemba 2025, ina njia yake yenyewe, na bado ililalamikiwa mapema kwa kusimamishwa kwenye nyekundu.

Tena vituo vimebanana mno. Vilivyo kila mita 200 vingesogezwa hadi karibu mita 400, basi lingekimbia. Wazee wana haki ya kulalamikia mwendo huo wa ziada, hasa majira ya baridi. Gari la kusukuma theluji likipita huacha tuta la barafu ukingoni, katikati ya bango la kituo na mlango wa basi. Mwenye kigari cha mtoto anahangaika kulivuka. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi. Dereva anasogea mbele kutafuta upenyo, anashusha ubao wa kupandia, haukai sawa, anaurudisha. Dakika mbili zimekwenda. Anayepunguza vituo lazima alipe watu wa kuvisafisha vilivyobaki siku ile ile theluji inapoanguka, pamoja na njia za miguu za kuvifikia. Bila hivyo asiviguse.

Wapo wanaosema basi lifuate watu, si watu wafuate basi, yaani maghorofa yatangulie. Lakini Brampton, kitongoji cha nyumba za familia moja karibu na Toronto, ilianzisha mabasi yake ya haraka ya Züm mwaka 2010 bila kungoja maghorofa, na abiria walikuja kwa wingi.

Ombi langu kwa halmashauri ni hili: kila pendekezo la kuongeza nyumba kando ya barabara lije na karatasi moja yenye dakika za mzunguko wa basi la hapo, idadi ya mabasi yanayohudumia njia hiyo, na makutano mawili yanayokula muda zaidi.

Mpangamiji,
Surrey, British Columbia